Upimaji wa kijiofizikia wa nyufa hai

Upimaji wa kijiofizikia wa nyufa hai ni uchunguzi, bila kuchimba, wa mipasuko ya miamba iliyo chini ya ardhi na ambayo bado husogea. Njia kuu ni mitetemo: mawimbi ya baruti, nyundo au hewa iliyoshindiliwa huakisiwa na matabaka, na palipo na ufa matabaka huonekana yamekatika na kupishana kimo. Ukinzani wa umeme na nguvu ya uvutano hukamilisha picha. Rada ya kupenya ardhi nayo hutumika, lakini mawimbi yake hufifia upesi katika udongo wa mfinyanzi wenye maji.

Mfano ulio wazi hasa ni Ziwa Tanganyika. Miaka ya 1980, mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke ulionyesha kuwa nyufa kubwa za ukingo hubadilishana pande, mashariki na magharibi, zikipakana na mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Lakini upimaji huu hautoi tarehe za matetemeko ya kale; hizo hutafutwa kwa kuchimba mitaro.