Waya wa Iafoni na Redio za Kibomet

Leo tuweke programu kando kidogo. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: iafoni gani ya bei nafuu ina sauti nzuri na haiumizi sikio? Kwa mtu wa Kibomet, pale Kitale, swali hilo lina nusu ya pili ambayo watathmini wa Ulaya na Marekani huwa hawaigusi kabisa: je, inashika redio? Ili tuelewe kwa nini, turudi nyuma.

Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mtu wa Utah, Marekani, alitengeneza hedifoni kwa mkono jikoni kwake. Mteja wake alikuwa jeshi la wanamaji, na kazi yake ilikuwa kusikiliza ishara za redio, si muziki. Muziki ulikuja na John Koss mwaka 1958, alipotoa hedifoni za stirio. Zilikuwa nzito, zinabana kichwa. Sennheiser wa Ujerumani wakatoa HD 414 mwaka 1968, nyepesi, zilizoachwa wazi kwa nyuma na kuwekwa sponji. Kisha mwaka 1979 Sony wakauza Walkman pamoja na hedifoni za gramu 50 hivi. Ukiniuliza, hapo ndipo mambo yalipogeuka. Watu walikubali besi kidogo ili wapate kitu wanachoweza kutembea nacho kutwa nzima.

Kwetu huku wakati huo redio ilikuwa ya nyumba nzima. Matangazo yalianza Nairobi mwaka 1928, Sauti ya Kenya ikaja baada ya uhuru, ikageuka KBC mwaka 1989. Redio ilikaa mezani na betri zake kubwa, mzee akiwasha taarifa ya habari, wote kimya. Nani angevaa hedifoni? Ingekuwa uchoyo.

Mwaka 1996 stesheni za FM za binafsi zikaanza Nairobi, na miaka iliyofuata zikaenea hadi magharibi, ikiwemo West FM ya Bungoma. Baadaye simu za bei ya chini zikawekewa redio. Nokia 1100 ya mwaka 2003 haikuwa nayo. Nokia 1280, iliyoingia madukani 2010, ilikuwa nayo. Ghafla mkulima wa mahindi akawa na redio mfukoni, bila kununua betri za redio na bila kulipia intaneti.

Lakini redio hiyo haikushika kitu mpaka uchomeke iafoni. Wengi walidhani ni ujanja wa kuuza iafoni. La hasha! Mawimbi ya FM kwenye megahezi 100 yana urefu wa mita 3, na antena nzuri huhitaji kama robo ya hapo, yaani sentimita 75. Simu haina nafasi hiyo ndani yake. Waya wa iafoni una zaidi ya mita moja, basi wahandisi wakautumia huo huo kuwa antena. Ndiyo maana utamwona mtu amechomeka iafoni, vidude vyenyewe vinaning'inia, na sauti inatoka kwenye spika ya simu. Kitale iko kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani, na FM haipendi milima. Ukiunyoosha waya stesheni inakuja, ukiukunja inakwenda.

Sasa sauti. Kuna ugonjwa mmoja ambao muuzaji atakuambia ni "iafoni feki". Unaweka wimbo, ala zinasikika kwa mbali, mwimbaji hayupo! Mara nyingi iafoni ni nzima. Pini yenye maikrofoni ina vipande vinne vya chuma, na dunia ilikuwa na mipangilio miwili: mmoja uliotumiwa na simu nyingi za Nokia za enzi hizo, mwingine ukatumiwa na Apple, na huo wa pili ndio ulioshinda. Iliyobadilishwa ni nafasi ya maikrofoni na ya waya wa pamoja unaorudisha umeme wa masikio yote mawili. Vikipishana, unabaki kusikia tofauti ya kushoto na kulia tu, na sauti ya mwimbaji, iliyo sawa pande zote, inajifuta. Bonyeza na ushikilie kitufe cha kupokelea simu: mwimbaji akirudi, iafoni ni nzima, haipatani na simu yako tu.

Kuhusu starehe, ile plastiki ngumu iliyopata umaarufu na iPod mwaka 2001 huvujisha besi, nawe unapandisha sauti kufidia. Yenye kizibo cha mpira laini huziba sikio, besi inarudi kwa sauti ndogo. Pesa kidogo uliyonayo itumie hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, zisizidi. Ila ukiwa juu ya bodaboda usizibe masikio, tafadhali. Dukani usijaribu kwa wimbo wenye besi kubwa, karibu kila iafoni hupendeza hapo. Mwombe muuzaji aweke taarifa ya habari, usikilize kama herufi s na f zinatofautiana, na ukae nayo dakika kumi.

Mwaka 2016 Apple waliondoa tundu la iafoni kwenye iPhone 7, wengine wakafuata, na leo visivyo na waya vinapatikana kwa bei ya chini hata Kitale. Ni vyepesi, havikatiki waya. Lakini kwenye simu nyingi ukiviunganisha redio inadai waya, na anayetaka stesheni ileile anaambiwa aifuate kwenye intaneti, kwa bando. Baadhi ya simu za kubonyeza sasa zina antena ndani, na hizo nazipongeza. Kama yako haina, ile iafoni ya waya iliyokufa sikio moja usiitupe. Antena yake huenda bado ni nzima.