Dawa ya nywele: mtoto akisema inawasha, ioshe

Sikukuu au harusi ikikaribia, wasichana wengi hupelekwa saluni kuwekwa dawa ya kulainisha nywele. Kabla hujampeleka wako, jua kilichomo koponi. Dawa nyingi zina sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda ileile ya kutengenezea sabuni. Nyingine huandikwa kwamba hazina soda, lakini nazo zina kemikali kali. Hata kopo lenye picha ya mtoto linaweza kuunguza.

Dawa huvunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele mkunjo wake. Ikikaa kupita muda, unywele hukatika na ngozi huungua. Kwa hiyo usiamini ukiambiwa, "Avumilie kidogo, ndiyo inashika." Kuwashwa ni dalili kwamba ngozi imeanza kuumia. Mtoto akilalamika, dawa ioshwe papo hapo, hata kama nywele hazijanyooka. Akiungua sana atabaki na kovu, na penye kovu nywele haziwezi kuota tena.

Kwa mtoto mdogo, ushauri wetu ni kusubiri. Kusuka kwa uzi hunyoosha nywele bila kemikali yoyote. Bibi zetu walilijua hilo zamani.

Ikiwa binti yako ni mkubwa na mmeamua, kagua kichwa kwanza. Kama kuna mapunye, kidonda au upele, ahirisha. Kama ametoka kufumua, acha ngozi ipumzike wiki moja au mbili. Asioshe wala kukuna kichwa siku chache kabla. Pakeni mafuta ya mgando masikioni, shingoni na kuzunguka paji la uso, msusi avae glovu, na muda ufuatwe kwa saa, kama maelezo ya kopo yanavyosema. Baada ya hapo zioshwe kwa maji mengi na shampuu maalumu ya kuondoa makali ya dawa.

Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, hivyo ngoja angalau wiki 8 kabla ya kurudia, na dawa iguse nywele mpya tu. Zilizokwisha kuwekwa dawa ni dhaifu: chana kwa kitana cha meno mapana ukianzia nchani, na usizisuke kwa kukaza. Vikitokea vipele kwenye mistari, fumua.

Nawe mama, punguza. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2022 uliona saratani ya mji wa mimba zaidi kwa wanawake waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka. Hilo halithibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, ila si la kupuuzwa.

Kopo lifungwe na liwekwe juu, mbali na watoto. Dawa ikiingia jichoni, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali. Mtoto akiimeza, usimtapishe, kwani itamuunguza koo mara ya pili. Mfute mdomo, asukutue kama anaweza, mkimbize hospitali na ulichukue kopo lenyewe.