Nani Abaki na Mtoto: Malezi ya Watoto Wadogo Katika Vihamba vya Kilimanjaro

Katika miteremko ya kusini na mashariki ya Mlima Kilimanjaro, kwenye ukanda ulio kati ya takriban mita 900 na 1,900 juu ya usawa wa bahari, Wachagga wameishi kwa vizazi vingi ndani ya mashamba yao, si kando yake. Nyumba ya kila familia husimama katikati ya kihamba, yaani ardhi ya ukoo iliyopandwa mimea kwa ngazi, ambapo miti mirefu huifunika migomba, migomba huifunika mibuni, na chini yake kabisa huota magimbi, maharage na mboga, huku mpaka na jirani ukionyeshwa kwa safu ya masale, mmea ambao Wachagga huutumia pia kuombea msamaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikadiria wastani wa kihamba kimoja kuwa hekta 0.68, eneo lisilofika ekari mbili. Udogo huo unaeleza kwa nini kihamba hakikuitosheleza familia peke yake: ulezi, na baadaye mahindi, vililimwa katika shamba la pili lililoko tambarare, mwendo mrefu kwa miguu, na sehemu kubwa ya majani ya ng'ombe waliofungwa nyumbani ilitoka huko huko. Kwa kuwa mwanamke aliyenyonyesha ndiye aliyetelemka kulima na kukata majani, kisha akapanda mlima na mzigo kichwani, malezi ya watoto wadogo katika eneo hili yalizunguka swali moja la kila siku, nalo ni nani abaki na mtoto nyumbani.

Mengi yanayofahamika kuhusu jinsi swali hilo lilivyojibiwa zamani yanatokana na maandishi ya nusu ya kwanza ya karne ya 20. Charles Dundas, ofisa wa utawala wa Kiingereza, alichapisha kitabu chake kuhusu mlima huo na watu wake mwaka 1924. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri wa shirika la Leipzig, alikusanya sheria na mafundisho ya jando ya Wachagga katika kazi kadhaa kabla ya kuondoka mlimani mwaka 1938. Na Otto Raum, mwana wa mmisionari wa shirika hilo hilo, alitoa mwaka 1940 kitabu kizima kuhusu utoto, Chaga Childhood, katika kipindi ambacho wataalamu wengi wa mila waliwataja watoto kwa kupita tu. Hata hivyo, waandishi hao wote walikuwa wanaume na wageni, na chumba cha uzazi kilikuwa mahali pa wanawake, hivyo inafaa kusoma maelezo yao kuhusu kujifungua kama habari zilizosikiwa mlangoni, na maelezo yao kuhusu michezo ya watoto uani, ambako kila mpita njia angeweza kusimama akatazama, kama habari zenye uzito zaidi.

Jibu la kwanza la swali hilo lilikuwa kwamba, kwa muda fulani, mama mwenyewe abaki. Mzazi, kwa maana ya mwanamke aliyetoka kujifungua, aliwekwa ndani kwa takriban miezi mitatu, akaondolewa kazi za shamba na mizigo ya majani, akalishwa vyakula vya kumrudishia damu na kumwongezea maziwa. Vilivyo maarufu zaidi kati ya hivyo ni mtori, yaani supu nzito ya ndizi zilizopondwa pamoja na nyama, na mlaso, mchanganyiko wa damu ya mnyama, maziwa na mafuta. Kumlisha mzazi kwa namna hiyo kulihitaji maandalizi ya miezi mingi, kwani mume alitarajiwa kuwa na mnyama wa kuchinja, na familia isiyo na ng'ombe wa maziwa iliweza kupata mmoja kwa utaratibu wa kuwekeana mifugo, ambapo mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi jamaa au jirani ng'ombe wa kumtunza, naye mtunzaji akafaidi maziwa na samadi bila mnyama kuwa mali yake. Utaratibu huo umeelezwa mara nyingi kama bima ya mwenye mali dhidi ya maradhi na wezi, na ni kweli; lakini ukitazamwa kwa upande wa nyumba iliyopokea, ulikuwa pia njia ya kufikisha maziwa palipokuwa na mtoto mchanga.

Dundas alieleza jinsi mwanamke alivyotoka ndani baada ya miezi hiyo: alinyolewa nywele, akavikwa mapambo ya shanga, akapewa fimbo kama ya wazee, akasindikizwa hadi sokoni kwa nyimbo za aina ile iliyoimbiwa mashujaa waliorudi vitani. Maelezo hayo yamependwa na waandishi wa vitabu vya uzazi vya Ulaya na Marekani, ambao wamekuwa wakiyanukuu kutoka kitabu kimoja hadi kingine mpaka Wachagga wakajikuta, katika baadhi ya nakala, wamehamishiwa Uganda. Kinachopotea katika nukuu hizo ni mahali penyewe msafara ulipoelekea. Soko la mlimani lilikuwa la wanawake, waliouza ndizi, maziwa na nafaka kwa zamu za siku zilizopangwa kati ya soko na soko, na kumfikisha mzazi hapo kulikuwa sawa na kutangaza kwamba amerejea kazini. Kuanzia siku ile mapumziko yalikwisha, na mtoto alihitaji mikono mingine.

Mikono hiyo ilikuwa, kwa kawaida, ya mtoto mwingine. Mlezi, kama anavyoitwa mtoto mkubwa anayekabidhiwa mdogo, alikuwa dada, kaka au binamu, ambaye mara nyingi hakuwa amefikisha miaka 10. Alimbeba mdogo mgongoni kwa ngozi laini, na baadaye kwa kanga, akamlisha ndizi iliyopondwa au uji wa ulezi alioachiwa, akamtuliza mpaka mama arudi jioni. Isidhaniwe kwamba mpango huo ulitokana na uzembe wa wazazi. Kihamba kilikuwa kimefungamana na vihamba vingine pande zote, pasipo pori katikati, kiasi kwamba mlezi aliyezidiwa aliweza kupaza sauti akasikiwa na bibi au shangazi aliye ng'ambo ya masale. Ukaribu huo wa nyumba, uliosababishwa na uhaba wa ardhi yenye maji, ndio uliowezesha mtoto kumlea mtoto. Hatari hazikukosekana. Ndani ya nyumba ya zamani, iliyoezekwa kwa majani, moto uliwaka katikati na ng'ombe walifungwa upande mmoja, na nje ulipita mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia uliochimbwa na ukoo kuleta maji kutoka mitoni, kwa hiyo mafunzo ya kwanza aliyopewa mtoto anayetambaa yalihusu mambo hayo matatu: moto, kwato na maji.

Mlezi naye alikuwa bado mtoto, na mahali alipokaa na mdogo wake ndipo palipokuwa uwanja wa michezo. Raum alitumia sehemu kubwa ya kitabu chake kueleza watoto waliojenga vibanda vya migomba, waliochimba mifongo midogo na kuelekezeana maji, waliofungua masoko ya majani na mawe, na waliowaigiza wakubwa kwa dhihaka ambayo wakubwa wenyewe hawakuipenda kila mara. Hoja yake kwamba mchezo haukuwa kuiga tu, bali pia kuhoji kinachoigwa, ilitangulia wakati wake, na inaelekea kuwa na nguvu zaidi ikikumbukwa kwamba mpaka kati ya mchezo na kazi ulikuwa mwembamba sana kihambani. Mtoto wa miaka minne aliyekata shina la mgomba kwa kijiti alikuwa akicheza. Wa miaka saba aliyelikatakata kwa panga ili ng'ombe wale alikuwa akifanya kazi. Na wa katikati yao alikuwa akifanya yote mawili kwa wakati mmoja, huku akimwangalia mdogo kwa jicho la pembeni.

Baada ya kuachishwa ziwa, jambo lililofanyika kwa kawaida mtoto alipokaribia au kupita miaka miwili, jibu la swali lilibadilika tena na zamu ikawafikia babu na bibi. Desturi ya majina ilikwisha kuandaa njia, kwa sababu mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba na wa pili jina la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao, na mzee aliyebebwa kwa jina alikuwa na haki ya kumtaka mjukuu huyo akae kwake, amletee moto wa kiko na kumchotea maji, naye amfundishe ukoo. Sheria ya urithi iliongeza jambo jingine ambalo halijasisitizwa vya kutosha. Mwana wa kwanza alitengewa kihamba chake alipooa, wale wa katikati walitafuta ardhi mpya, ilhali mwana wa mwisho alibaki na nyumba ya baba na wajibu wa kuwatunza wazazi; kwa hiyo watoto wa mwana wa mwisho walizaliwa bibi akiwa kihamba kile kile, lakini watoto wa kaka zake wa katikati, hasa waliofungua ardhi mbali, walilelewa na mama pamoja na mlezi tu. Watoto wa baba mmoja waliweza hivyo kuwa na utoto usiofanana, kwa sababu tu ya nafasi ya kila baba katika mfuatano wa kuzaliwa.

Mabadiliko makubwa ya utaratibu huu yaliletwa na kahawa na shule, viwili vilivyotegemeana kuliko inavyokumbukwa. Mapadri wa Kikatoliki walikuwa na mibuni Kilema kabla karne ya 19 haijaisha, na wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakulima wa Kichagga waliipanda kahawa kwa wingi chini ya migomba yao, wakaunda mwaka 1925 chama kilichoongozwa na Joseph Merinyo, ambacho nafasi yake ilichukuliwa miaka michache baadaye na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa ilikuwa zao la mwanamume na fedha yake ilikuwa ya mwanamume, ingawa mikono iliyochuma buni zilizoiva, ikazimenya na kuzianika kwenye vichanja ilikuwa ya nyumba nzima, wakiwemo watoto ambao vidole vyao vilifika kwenye matawi ya chini. Fedha hiyo ililipa karo. Shule, kwa upande wake, ilimchukua kutoka nyumbani mtu yule yule ambaye malezi yalimtegemea, yaani mtoto wa miaka saba hadi kumi na mbili, kwa saa zile zile ambazo mama yake alikuwa tambarare.

Mwanzoni pengo hilo lilizibwa kwa kuchagua, na aliyechaguliwa kubaki alikuwa msichana. Wavulana walitangulizwa shuleni, na dada zao wakaendelea kuwa walezi au wakaanza masomo wakiwa wamechelewa, mara nyingine wakiwa na mdogo mgongoni. Si haki kuilaumu mila peke yake kwa hali hiyo, kama baadhi ya waandishi wa kimisionari walivyopenda kufanya, kwa sababu karo ilikuwa halisi na majani ya ng'ombe hayakujikata. Lakini ni kweli kwamba kwa miaka kadhaa elimu ya mvulana mlimani ililipiwa sehemu moja kwa kahawa ya baba na sehemu nyingine kwa mgongo wa dada. Uchaguzi huo ulikuja kuondolewa na serikali. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotekelezwa kuanzia mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya mahudhurio ya watoto wa kati ya miaka 7 na 13 kuwa ya lazima, wasichana na wavulana pamoja. Mlezi wa zamani alitoweka kihambani kwa saa za masomo, akawa mlezi wa jioni na wa likizo tu.

Waliobaki ni bibi na, kwa wenye uwezo, msichana wa kazi aliyetolewa mbali. Kihamba chenyewe kilikuwa kikipungua, kwa kuwa kiligawanywa kwa wana kizazi baada ya kizazi, na mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, baadhi ya wakulima wakang'oa mibuni na kupanda migomba zaidi, mboga na majani ya mifugo. Vijana wengi walihamia Moshi, Arusha na Dar es Salaam, wakazalia huko. Ndipo desturi ya kumpeleka mtoto kwa babu na bibi, iliyokuwa hatua moja ya malezi, ikawa kwa familia nyingi malezi yote: mtoto huletwa mlimani akiachishwa ziwa, au wazazi wanapofariki, jambo lililotokea mara nyingi katika miaka ya ukimwi, na hukua mikononi mwa mtu ambaye anapaswa pia kumlisha ng'ombe na kupalilia migomba bila mtoto mkubwa wa kumsaidia asubuhi.

Sera ya Elimu ya mwaka 1995 iliitambua rasmi elimu ya awali, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, hivyo darasa la chekechea sasa humpokea mjukuu wa miaka mitano kwa nusu siku. Mwaka 2011 mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, Uru, ulitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kidunia, kwa sababu ya mimea yake mingi, udongo wake na mifongo yake. Umri wa wanaoutunza ni suala jingine: katika vihamba vingi anayekata majani ya ng'ombe leo ni mwanamke aliyepita miaka 60, na mtoto wa chini ya miaka mitano humfuata nyuma hadi mwisho wa migomba, kwa kuwa nyumbani hakuna wa kubaki naye.