Ua la Brahma, na Desturi Iliyolilinda

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za Himalaya, iliyo kaskazini ya Bara Hindi, milima mirefu kupita yote ya duniani. Leo twapenda kueleza habari za ua moja limealo huko, ambalo watu wa dini ya Kihindu huliheshimu mno. Katika historia yake mna jambo limpasalo kulifikiri kila alimaye, achungaye, au akataye miti msituni.

Jina lake ni Brahma Kamal, yaani yungiyungi la Brahma. Kwa imani ya Wahindu Brahma ndiye muumba, naye huchorwa ameketi juu ya yungiyungi. Lakini ua hili si yungiyungi, wala halioti majini. Wataalamu huliita Saussurea obvallata, nalo ni la jamaa ya alizeti. Humea penye mawe na nyasi fupi, kati ya futi 12,000 na 15,000 hivi juu ya bahari, mahali ambapo miti imekwisha kukoma. Huchanua Julai na Agosti, wakati wa mvua kubwa za nchi ile.

Alionaye mara ya kwanza huona majani mapana, membamba kama karatasi, ya rangi ya maziwa yenye kijani kidogo, yaliyokunjamana mfano wa kikombe. Hayo siyo maua yenyewe. Maua ni madogo, ya rangi ya zambarau, yamesongamana ndani. Majani yale hupitisha mwanga wa jua, tena huzuia mvua na upepo, na kuhifadhi joto. Neno obvallata ni la Kilatini, maana yake lililozungushiwa boma. Nasi kwa Kiswahili twaweza kusema, ni ua lililozungushiwa ua.

Katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Wahindi, twasoma habari za ndugu watano waliofukuzwa katika ufalme wao wakatangatanga milimani. Siku moja upepo ulileta ua lenye harufu nzuri ajabu, likaanguka karibu na Draupadi, mke wao. Akamwomba Bhima, aliyekuwa na nguvu kupita wenziwe, amtafutie mengine. Bhima akaenda kwa kishindo, hata akamkuta nyani mzee amelala njiani. Akaambiwa auondoe mkia wa nyani apate kupita. Akajaribu kwa nguvu zake zote, asiweze. Nyani yule alikuwa Hanuman mwenyewe, na kiburi cha Bhima kikashuka. Ndipo alipoendelea mpaka ziwa la Kubera, akapigana na walinzi, akayachuma maua. Watu wa milimani husema ua lile ndilo hili la Brahma.

Basi huko Garhwal, hasa wilaya ya Chamoli, wanavijiji walikuwa na desturi juu ya kulichuma. Wao humheshimu mungu wa kike aitwaye Nanda, ambaye humhesabu kuwa binti wa vijiji vyao, aliyeolewa na Shiva juu milimani. Kwa sikukuu yake, iangukayo Agosti au Septemba, watu waliochaguliwa hupanda bila viatu kwenda kuleta maua. Kabla ya siku hiyo ilikuwa mwiko kuyachuma. Mwiko huu ulikuwa wa ibada, lakini ulifanya na kazi nyingine: maua yalipata nafasi ya kukomaza mbegu kabla mkono wa mtu haujayafikia.

Mambo yalianza kubadilika njia zilipofunguka. Mwaka 1931 Mwingereza Frank Smythe na wenzake, wakirudi kutoka mlima Kamet, waliingia katika bonde lililojaa maua, naye akaandika kitabu juu yake, kikatolewa mwaka 1938. Sifa za Bonde la Maua zikaenea. Lakini badiliko kubwa lilitoka kwa barabara. Zamani mahujaji walikwenda kwa miguu majuma mengi hata kufika Badrinath. Baada ya vita vya mwaka 1962 kati ya Bara Hindi na China, barabara nyingi zilijengwa milimani kwa ajili ya askari, na baadaye magari yakawafikisha mahujaji Badrinath kwenyewe. Kila hujaji alitaka ua la kutoa hekaluni. Wachuuzi wakatokea, na ua likachumwa kwa kuuzwa, bila kungoja mbegu. Hivyo heshima ile ile iliyolilinda ikawa sababu ya kupungua kwake.

Serikali nayo iliamka. Bonde la Maua lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1982, na mwaka 2005 likaingizwa katika urithi wa dunia. Jimbo la Uttarakhand lilipoundwa mwaka 2000, ua hili likachaguliwa kuwa ua la jimbo.

Hayo ni mema, ila mlima ni mpana na askari wa hifadhi ni wachache. Desturi ya kale haikuhitaji askari, kwa kuwa kila mzee na kila mtoto alikuwa mlinzi. Mababu wa Garhwal hawakukataza ua lisichumwe kamwe. Walikataza tu lisichumwe kabla ya wakati wake. Na sisi tuitazame miiko ya wazee wetu juu ya chemchemi, misitu na majira ya kuvua. Kabla hatujauacha mwiko wo wote, tuulize kwanza ulikuwa ukilinda nini.