Je, Mfuko wa Uzazi Una Vijidudu? Historia ya Swali Hili

Bismillahi Rahmani Rahiim



Ndugu wasomaji, Bibi Aisha (Radhiya Allahu 'anha) aliwasifu wanawake wa Ki-Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza na kujifunza dini yao. Sisi mambo ya uzazi tunayaficha hata pale kuyaficha kunapotudhuru. Mke akikaa miaka bila mtoto, au mimba zikitoka, huambiwa ana tumbo chafu, akaanza kutafutiwa dawa za kulisafisha, na huku mume hajapimwa hata mara moja. Neno hilo "uchafu" lina historia ndefu, nayo inaanzia kwa madaktari wenyewe.

Katika miaka ya 1840 hospitali kuu ya Vienna, Austria, ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Kwa madaktari, katika kila wazazi 100 walikufa kiasi cha 10, wengi kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga hawakufika 4. Wanawake wa mji walijua, na walilia wasipelekwe kwa madaktari. Mwaka 1847 daktari Jakob Kolletschka alikatwa na kisu cha mwanafunzi katika kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za wazazi wale. Rafiki yake, Ignaz Semmelweis, akafahamu: madaktari walikuwa wakitoka kwenye maiti na kwenda kuwapima wazazi kwa mikono ileile. Mwezi Mei akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Juni walikufa kama 2 tu. Hakushukuriwa. Ni daktari gani alitaka kusikia kuwa mkono wake ndio uliokuwa ukiua? Semmelweis alikufa 1865, wengi wa wenzake wakiwa bado hawajamkubali.

Mwaka 1879 Louis Pasteur aliwaonyesha madaktari wa Paris kijidudu chenyewe cha homa ya uzazi. Mwaka huohuo, huku kwetu Maziwa Makuu, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga wa Bunyoro, Uganda ya leo, akimpasua mama ili kumtoa mtoto. Kabla ya kisu, mikono ya mganga na tumbo la mama vilioshwa kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Pombe kwetu ni haramu, na mama yule alinyweshwa pia, lakini itazameni hiyo hatua ya kuosha, ambayo huko Ulaya bado ilikuwa ikibishaniwa! Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Basi kila kijidudu kikahesabiwa adui. Lakini mwaka 1892 Mjerumani Albert Döderlein alieleza kuwa ukeni mwa mwanamke mwenye afya mna bakteria wanaotengeneza asidi, ileile ya maziwa mgando, nayo huzuia vijidudu vya maradhi. Leo wanaitwa laktobasila. Hapa dada zangu tuelewane. Kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa za dukani kunawaondoa walinzi hao. Maradhi yakipata nafasi huweza kupanda hadi kwenye mfuko wa uzazi na mirija, na mirija ikiziba mimba haipatikani. Josho la hedhi na nifasi ni kueneza maji mwilini kwa nje. Kutia sabuni ndani si katika sharti zake.

Na mfuko wenyewe je? Mwaka 1900 Mfaransa Henry Tissier alisema kuwa mtoto hukaa tumboni pasipo kijidudu hata kimoja. Wanafunzi wa udaktari walifundishwa hivyo zaidi ya karne nzima. Kisha mwaka 2014 watafiti wa Houston, Marekani, walichunguza makondo 320 wakasema yana bakteria wake. Mwaka 2016 wengine kutoka Hispania wakaeleza kuwa, kwa wanawake waliokuwa wakipandikizwa mimba, wale ambao mifuko yao ilijaa laktobasila walijifungua zaidi kuliko wengine. Ila wanawake waliopimwa walikuwa wachache.

Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge, Uingereza, wakapima makondo ya wanawake zaidi ya 500. Hawakuona kundi lolote la bakteria linaloishi humo kwa kawaida. Karibu yote waliyoyapata yalitokana na njia ya uzazi wakati wa kujifungua, au na dawa za maabara zenyewe, kwani hata hizo huwa na mabaki ya vinasaba vya bakteria. Kijidudu kimoja tu cha maradhi kilionekana kweli, kwa wanawake wapatao 5 katika 100.

Hayo ni ya kondo. Kwa mfuko usio na mimba, bado wanabishana kama bakteria wachache wanaoonekana ni wenyeji au wapita njia waliopanda kutoka ukeni. Hata sampuli huchukuliwa kwa mrija unaopitishwa humohumo ukeni. Vipimo vyake, hata hivyo, tayari vinauzwa kwa wanaotafuta mtoto.

Wallahu aalam.