Kasuku mzee hafundishiki? Historia ya imani ya miaka 1800

Huku kwetu mashariki ya Congo watu husema kasuku wa kufundishwa ni yule aliyetolewa kwenye tundu la mti akiwa bado mtoto. Aliyenaswa mkubwa, wanasema, atapiga kelele za msituni mpaka kufa kwake. Familia nyingi zilizokimbia vita zimepita vijiji ambako kasuku hunaswa, na nyingine zimebeba ndege wao pamoja na sufuria na magodoro. Sasa ndege huyo yuko mtaa mwingine, anasikia lugha nyingine, na tayari ana miaka 15 au 20. Je, anaweza kushika maneno mapya?

Imani kwamba hawezi ni ya zamani sana, na mmoja wa watu wa kwanza kuiandika alikuwa Mwafrika. Apuleius alizaliwa Madauros, mji ulio leo katika Algeria, akawa msemaji mashuhuri wa Carthage katika karne ya 2. Katika hotuba zake alieleza habari za kasuku wa kutoka India. Alisema ndege huyo hujifunza akiwa mtoto, mpaka miaka miwili, wakati mdomo na ulimi bado ni laini. Aliyenaswa akiwa mzee, kwake Apuleius, hafundishiki na ni msahaulifu. Tena alitaja fimbo ndogo ya chuma ya kumpiga ndege kichwani anapofundishwa. Pliny wa Roma alikuwa ameandika habari ya fimbo hiyo kabla yake.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo jibu lilipojificha. Ndege aliyezoea kundi lake kwa miaka, akanaswa, akafungiwa peke yake na kupigwa kwa chuma, atasema nini? Apuleius alilaumu ulimi. Kweli ulimi wa kasuku husaidia kuunda sauti, lakini sauti yenyewe hutoka ndani kifuani, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafuni. Midomo kama yetu hana, ndiyo maana herufi kama "p" na "b" humsumbua, akiwa mtoto au mzee.

Wazee wa vijiji vya msitu wangemweleza Apuleius kwamba kasuku haanzi kuiga kwa binadamu. Mwaka 1993 ulitolewa uchunguzi wa sauti za kasuku wawili wa kijivu waliorekodiwa porini katika inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Zilihesabiwa namna za sauti zaidi ya 200, na kati yake 23 zilikuwa za kuiga: sauti za ndege wa aina tisa, na za popo. Hakuna aliyewafundisha. Kuiga ni kazi yao ya kila siku huko juu ya miti.

Mtu aliyetikisa sana imani ile ya kale ni Irene Pepperberg, mwanasayansi wa Marekani. Mwaka 1977 alinunua kasuku wa kijivu katika duka la Chicago, ndege wa umri wa mwaka mmoja hivi, akamwita Alex. Hakumchagua mwenyewe: alimwambia mfanyakazi wa duka amchukue yeyote, ili watu wasiseme kwamba alitafuta mwenye akili.

Namna ya kumfundisha ndiyo inayostahili kuelezwa polepole. Hakukaa mbele ya ndege na kurudia neno moja mara mia. Watu wawili walikaa mbele yake na kuongea. Mmoja alishika kitu, kwa mfano ufunguo, akauliza: hiki ni nini? Wa pili alijibu vizuri akapewa ufunguo; akikosea, ulifichwa. Kisha walibadilishana nafasi. Ndege alitazama, akatamani kile kitu, akaingia katika mazungumzo. Na akilitaja neno, zawadi haikuwa karanga: ilikuwa kitu chenyewe alichokitaja. Msingi wa njia hiyo ulitoka kwa Mjerumani Dietmar Todt.

Kwa njia hiyo Alex alijua majina ya vitu, rangi, maumbo na hesabu, maneno kama 100. Alikufa mwezi wa Septemba 2007 akiwa na miaka 31. Kwa muda mrefu hesabu yake ilifika sita tu. Jina la saba na la nane alifundishwa baadaye, akiwa ndege mkubwa aliyekwisha kuvuka mbali ile miaka miwili ya Apuleius. Lile la saba lilimpa taabu, akalitamka kwa namna yake, lakini alilishika.

Tusizidishe sifa lakini. Mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi uliowauliza wafugaji habari za kasuku 877 wa aina mbalimbali. Wale wa kijivu walishinda wote kwa wingi wa maneno. Ila kati ya 187 wa kijivu waliochunguzwa kwa umri, idadi ya maneno haikuongezeka katika utu uzima. Wanaochunguza kasuku huwahesabu kati ya wanyama wachache wanaojifunza sauti maisha yote. Basi mzee anaweza kupata neno jipya, lakini mtu asitegemee mfuko ujae zaidi kila mwaka.

Uchunguzi mwingine utawagusa zaidi waliohama. Ulitolewa mwaka 2012 kutoka Costa Rica, juu ya kasuku wa kijani wa huko, ambao sauti za kuitana hutofautiana kutoka eneo hadi eneo kama lugha za vijiji. Watafiti walichukua ndege wa eneo moja wakawapeleka katika lingine. Aliyeshika sauti ya wenyeji alikuwa ndege mchanga. Wakubwa walibaki na sauti ya kwao. Hapo Apuleius angefurahi, ingawa kubaki na sauti ya nyumbani si ushahidi kwamba ndege ni msahaulifu. Ni kinyume chake.

Imani hii imegharimu misitu yetu. Watu wakitaka watoto tu, matundu ya miti hutolewa makinda. Kati ya 1982 na 2001, kasuku wa kijivu wa porini zaidi ya 600,000 waliingia katika biashara ya kimataifa, bila kuhesabu waliokufa njiani. Mwaka 2016 mkutano wa CITES huko Johannesburg uliwapandisha kwenye orodha yake kali kuliko zote.

Kwa hiyo kwa familia ambayo tayari ina kasuku mzee: hakuna haja ya kutafuta kinda lingine. Mweke mahali watu wanapokaa na kuongea, si nyuma ya nyumba. Mama na mtoto waulizane mbele yake: hii ni nini? Ni ndizi. Anayejibu apewe ndizi. Siku ndege akijaribu, hata vibaya, apewe na yeye kipande. Inaweza kuchukua miezi. Na katikati ya kazi hiyo akiita tena jina la mtu aliyebaki kijijini, msimnyamazishe.