Kifaransa tunakijua, lakini desturi za Ufaransa je?

Ndugu zetu wanaofika Ufaransa kwa masomo, kazi ao kufuata familia hawana shida kubwa ya luga: Kifaransa tunakijifunza ku masomo tangu utoto. Lakini shida njo inaanzia pale. Mugeni asiyejua Kifaransa, watu wanamusamehe mingi. Yule anayekisema vizuri, wanafikiri anajua na desturi. Akikosea, wanasema hana adabu. Haya ni mambo ya kujua mbele ya safari.

Salamu kwanza
Ku duka, ndani ya bisi, ku ofisi: sema "bonjour" kwanza, kisha uulize. Kuanza na "nataka mukate" wanaichukua sawa vile zarau. Kwetu salamu ni ndefu: watoto, nyumba, kazi. Kule neno moja linatosha, lakini lisikosekane. Jioni ni "bonsoir", na ukitoka, "au revoir".

"Vous" ao "tu"?
Kwetu "tu" inakuja haraka. Kule, mutu usiyemujua, mukubwa wa kazi, mwenye nyumba, polisi, wote ni "vous", mpaka wao wenyewe wakubali "tu". Kumwita mama usiyemujua "maman" ni heshima hapa; kule atashangaa. Sema "madame" ao "monsieur". "Mademoiselle" ilitolewa ku karatasi za serkali tangu 2012.

Maneno yanayopoteza mutu
Kifaransa chetu tulikipata kwa Wabeljiki. Sisi tunasema "septante" na "nonante". Wafaransa wanasema "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Sikiliza vizuri wakikutajia bei ao namba ya simu. Na kama umezoea kuita chakula cha asubui "déjeuner", ujue kule ni chakula cha muchana. "Dîner" ni ya usiku, karibu saa mbili. Ukialikwa "dîner" na ukafika saa sita muchana, hakuna atakayekuwa anakungojea.

Kualikwa nyumbani
Kwetu mugeni anapiga hodi tu na anapewa kiti. Kule unaambia mbele, na haufiki na rafiki ambaye hakualikwa. Kuchelewa dakika 10 ao 15 ku nyumba ya mutu si kosa. Lakini rendez-vous ya ofisi ni saa ileile. Usiende mikono mitupu: peleka chokoleti, divai ao maua. Maua ya krisantemu uyaache, juu wanayapeleka ku makaburi siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Ku meza, mikono yote mbili ionekane, na ungojee mwenyeji aanze kula.

Kelele
Ndani ya nyumba za gorofa, jirani anasikia kila kitu. Muziki, maombi ya sauti, simu ya kupiga kelele: kuanzia saa ine ya usiku, jirani anaweza kuita polisi, na faini ya kawaida ni euro 68. Hata muchana kelele inaweza kuazibiwa. Ukiwa na sikukuu, waambie majirani siku chache mbele, ao bandika karatasi ku mulango wa chini. Wengi watavumilia, juu umewaheshimu.

Ukikosea, sema "excusez-moi" na uulize namna inavyofanyika. Mutu anayeuliza hachukuliwi kuwa na zarau.